Breki Zinazokataa Usingizini: Ndoto za Magari na Usingizi wa Dereva

"Daktari, mguu nakanyaga, lakini gari halinisikii." Maneno haya niliambiwa na dereva wa trela mwenye umri wa miaka 50 na ushei, mkazi wa Changamwe, Mombasa, ambaye kazi yake ni kupeleka makontena kutoka bandarini hadi Malaba, mpakani na Uganda. Katika ndoto yake alikuwa akishuka mteremko wa Mazeras usiku, taa za Miritini akiziona chini kwa mbali. Alipokanyaga breki, mguu ulizama kana kwamba ameutumbukiza katika matope ya mikokoni, na alipoukamata usukani kwa mikono miwili uling'oka kama kifuniko cha sufuria. Hata hivyo, kilichomleta kwetu hakikuwa ndoto yenyewe. Mkewe, baada ya kusimuliwa mara ya tatu, alikuwa amemzuia asiende safari, na tajiri wa gari alikuwa amekwisha kuanza kutafuta dereva mwingine. (Baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.)

Ndoto za magari ni miongoni mwa zile tunazosimuliwa mara kwa mara katika kliniki yetu, na wanaozisimulia si madereva peke yao. Mama asiyewahi kushika usukani huota anaendesha matatu iliyojaa abiria akiwa ameketi kiti cha nyuma, na mwanafunzi huota amesahau mahali alipoegesha gari ambalo hana. Swali linalofuata huwa moja: ndoto hii ina maana gani? Waislamu wa mwambao wanayajua mafundisho yanayozigawa ndoto mafungu matatu, yaani njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kutisha itokayo kwa shetani, na ile ambayo ni mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Mimi ni daktari, si shehe, na kuhusu mafungu mawili ya kwanza sina la kusema. Makala haya yanalihusu fungu la tatu, ambalo naona ndilo kubwa zaidi, na ambalo wale wanaouza tafsiri za ndoto simuni hawana faida ya kulitaja.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambamo macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba watu walioamshwa katika vipindi hivyo walikuwa wakiota. Kwa mtu mzima, mzunguko mmoja wa usingizi huchukua takribani dakika 90, na kipindi cha macho kuchezacheza huja mwishoni mwa kila mzunguko, kifupi mwanzoni mwa usiku na kirefu zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia. Ndiyo sababu ndoto ndefu, yenye rangi, milio ya honi na abiria wanaopiga kelele, aghalabu humkuta mtu karibu na adhana ya alfajiri. Wakati huo sehemu za ubongo zinazohusika na picha na hofu huwa zinafanya kazi kwa nguvu, ilhali zile za mbele, ambazo mchana hupima na kuhoji mambo, huwa zimepunguza kazi. Kwa hiyo yule mama anaendesha matatu kutoka kiti cha nyuma na haoni ajabu yoyote mpaka aamke.

Kuhusu breki, kuna jambo la mwili ambalo watu wengi hawalijui. Katika kipindi hicho cha ndoto, misuli karibu yote ya mwili hulegezwa kwa amri inayotoka kwenye shina la ubongo, isipokuwa misuli ya macho na ile ya kupumulia. Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alionyesha jambo hili kwa paka: alipoharibu sehemu ndogo ya shina la ubongo, paka waliolala waliinuka na kuvizia windo lisilokuwepo. Kwa hiyo anayeota anaendesha gari huenda ubongo wake unauamuru mguu ukanyage, na mguu haujibu. Maelezo mojawapo ya breki zisizoshika, na ya miguu inayokuwa mizito mtu anapoota anakimbia, ni huo ukimya wa misuli. Haya ni maelezo yenye mantiki, ingawa sidai kwamba yamefunga mjadala.

Iwapo kufuli hilo la misuli halifungi sawasawa, mambo hugeuka. Mtu hurusha mateke kitandani, huzungusha usukani hewani, huweza hata kumpiga mwenzake wa kitandani huku macho yamefumba. Hali hii huonekana zaidi kwa wanaume waliovuka miaka 50, na inaweza kutangulia kwa miaka kadhaa ugonjwa wa Parkinson, ule unaotetemesha mwili na kukaza misuli. Mke akisema, "Mume wangu huendesha lori kitandani," wengi hucheka, lakini daktari hapaswi kucheka.

Vitu vyenyewe vya ndotoni hutoka wapi? Mwaka 2000, Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwachezesha watu mchezo wa kompyuta wa Tetris, kisha wakawauliza walichokiona walipokuwa wakipitiwa na usingizi. Wengi waliona vipande vya mchezo vikianguka, na miongoni mwao walikuwemo wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka hata kwamba walikuwa wamecheza. Kilichotumikisha macho na mikono saa nyingi mchana hurudi usiku, mwenyewe atake asitake. Vijana wanaojifunza udereva hapa mjini hunieleza kwamba vile vigari wanavyovisogeza juu ya ubao wa mfano wa barabara huendelea kuzunguka mzunguko wa magari baada ya wao kufumba macho. Huo si ugonjwa wala si ishara ya kufeli mtihani. Ubongo unarudia somo.

Hali ni nyingine kwa mtu aliyepata ajali, au aliyeishuhudia. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, na mama na bintiye waliokuwa ndani wakafariki. Si jambo la kushangaza kwamba mtu aliyekuwa akivuka hapo kila siku aliota gari lake likiteleza kinyumenyume, kwani hata mimi ndoto hiyo ilinijia, nami huvuka kwa miguu. Ndoto za namna hii katika wiki za mwanzo ni za kawaida na kwa wengi hufifia zenyewe. Lakini zikipita mwezi mmoja, zikawa zinairudia ajali ileile, na mchana mtu anakwepa kupanda matatu au moyo unamruka kila asikiapo honi, hapo inahitajika tiba ya jeraha la akili, na tiba hiyo ipo.

Ziko pia ndoto ambazo chanzo chake kimo katika kikopo cha dawa. Mefloquine ya kukinga malaria, efavirenz iliyotumiwa na watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, propranolol ya moyo na presha, pamoja na baadhi ya dawa za sonona, zote zinajulikana kwa kuleta ndoto kali. Mtu asiache dawa kwa sababu hiyo. Arudi kwa aliyemwandikia, maana mara nyingi kubadilisha saa ya kumeza au aina ya dawa hutosha. Pombe na bangi huzibana ndoto, na mtu akiziacha ndoto hurudi kwa kishindo. Anayetafuna miraa au muguka ili asilale hadi Nairobi hulipa deni hilo siku anayopumzika, kwa usingizi mzito uliojaa vitisho, na wengine huichukulia hali hiyo kuwa wamerogwa.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike makala haya ni hili: ndoto ya gari haibashiri ajali, lakini usingizi mbovu unaotufanya tuikumbuke ndoto hiyo unaweza kuileta ajali yenyewe. Karibu kila mtu huota kila usiku, na karibu kila ndoto husahaulika. Huikumbuka yule aliyeamka katikati yake. Kwa hiyo anayesema "siku hizi naota sana" mara nyingi angesema kweli zaidi kama angesema "siku hizi naamka sana". Anaamshwa na joto, na mbu, na simu ya tajiri saa tisa za usiku, au anaamshwa na koo lake mwenyewe linapoziba pumzi. Asubuhi anashika usukani akiwa na usingizi wa mang'amung'amu. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa udhaifu unaolingana na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Polisi wana kifaa cha kupima pumzi ya mlevi, lakini hawana cha kupima lepe la usingizi.

Katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, yenye takribani kilomita 480, madereva husimuliana habari za mtu mrefu mwenye nguo nyeupe anayevuka usiku mbele ya gari maeneo ya Maungu, kisha akatoweka. Sitabishana na aliyemwona. Nitamuuliza tu alikuwa ameendesha saa ngapi, kwa sababu ubongo uliochoka huweza kuanza kuota kabla macho hayajafumba, na maruerue hayo ni onyo kwamba sekunde chache zijazo huenda dereva atalala kabisa. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakusaidii kitu. Kusimama mahali salama, kunywa kahawa na kulala dakika 20 kunasaidia kwa muda, lakini hakuchukui nafasi ya usingizi wa usiku.

Kwa ndoto inayojirudia, tiba iliyothibitishwa ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Barry Krakow na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo yake mwaka 2001. Mgonjwa huiandika ndoto yake, huubadilisha mkondo wake apendavyo, kisha mchana, akiwa macho, huipitia ndoto mpya akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Dereva wangu wa Changamwe aliona haya kwanza, akasema huo ni mchezo wa watoto. Baadaye aliamua kwamba breki zikikataa atalielekeza trela kwenye mchanga ulio kando ya barabara, lipunguze mwendo polepole na kusimama mbele ya muuza kahawa chungu, naye ateremke aagize kikombe na kashata mbili.

Lakini kabla ya hayo tulimuuliza anavyolala, na aliyejibu alikuwa utingo wake, kijana aliyemsindikiza: "Mzee akilala, daktari, ni kama trela linapanda mlima na gia ya kwanza. Halafu kimya. Halafu linapanda tena." Kipimo cha usiku kilithibitisha kwamba pumzi ilikuwa ikikatika mara nyingi, na alianzishiwa matibabu ya mashine ya kusukuma hewa pamoja na kupunguza uzito. Amerudi kazini. Gari bado huliota mara moja moja, na siku hizi, asema, breki zinashika vizuri, ila honi ndiyo haitoi sauti.