Masta ya uchumi wa fedha haikufundishi hisa gani itapanda

Jamani nshachoka. Nikikaa maskani, nikienda harusini, hata msibani watu wakishatawanyika, mtu akisikia tu nilisoma masta ya uchumi wa fedha swali ni lile lile: "Haya mwalimu, tununue hisa gani?" Na juzi kijana anayetaka kuomba chuo kanambia yeye anaenda kusoma ili ajue soko litaelekea wapi. Huyo ndiye kanifanya niandike, maana atalipa karo kwa kitu ambacho hakimo kwenye silabasi.

Si uhasibu, na si MBA, hilo nalipita haraka. Ni ekonometriki (takwimu za kupima mambo ya uchumi), nadharia ya bei za mali, derivativu (mikataba ambayo thamani yake yategemea bei ya kitu kingine), na hesabu nyingi sana. Swali kubwa ni kwa nini mali hii inalipa kushinda ile kwa wastani, na hayo malipo ni ya kubeba riski gani.

Sasa mbona hatutabiri bei? Chukua samaki. Kila mtu Mombasa ajua kusi ikichachamaa mashua ndogo haziendi mbali, samaki wanaadimika, bei inapanda. Bei hiyo yatabirika kabisa na bado ni vigumu kutajirika nayo, kwa sababu samaki mbichi wa Februari huwezi kumlaza mpaka Juni. Hisa haiozi. Kama leo sote twajua hisa fulani itapanda mwezi ujao, tutainunua leo, bei itapanda leo hii, na ile faida ya mwezi ujao ishaliwa. Kitakachoisogeza baada ya hapo ni habari ambayo haijafika. Mwanauchumi Eugene Fama aliliandika hili wazi tangu 1970.

Hapo ndipo mtu huniruka: "Safaricom 2021 ilipita shilingi 40, 2023 ikashuka chini ya 15, sasa soko hilo lina akili gani?" Sikiza. Soko kuwa na ufanisi si kusema bei ni sahihi, ni kusema kwamba kwa habari zilizokuwepo 2021 hukuwa na njia rahisi ya kulishinda. Na hata hilo huwezi kulipima peke yake, maana ukisema bei imekosea lazima uwe na modeli inayosema bei ilitakiwa iwe ngapi, na jaribio likifeli hujui kilichofeli ni soko au ni modeli yako. Mwanauchumi Robert Shiller alionyesha 1981 kwamba bei za hisa Marekani zayumba kuliko gawio, yaani faida ambayo kampuni hugawia wenye hisa, linavyoweza kueleza, halafu 2013 yeye na Fama wakapewa Nobel pamoja, na Lars Hansen wa tatu, ilhali Fama na Shiller hawakubaliani! Vitabu hupita hapa mbio. Mimi naona huu ndio moyo wa somo lenyewe, kwamba swali halijafungwa.

"Lakini si muna data?" Data ndiyo inayovunja moyo. Tuseme hisa inatikisika asilimia 30 kwa mwaka, jambo la kawaida, na kwa miaka 25 umeona wastani wa faida ya asilimia 10. Kosa sanifu la huo wastani, yaani kadiri ya unavyoweza kukosea, ni 30 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani 6. Kwa kawaida twapima makosa mawili kila upande, kwa hivyo wastani wa kweli waweza kuwa popote kati ya hasara ya 2 na faida ya 22. Miaka 25 hiyo! Na usinambie utachukua bei za kila dakika, kwa sababu wastani wategemea bei ya mwanzo na ya mwisho, kukatakata katikati hakukuongezei kitu, mwanauchumi Robert Merton alilieleza hili 1980. Kinachonufaika na data ya karibu karibu ni kupima mtikisiko, na mtikisiko kweli watabirika kiasi: siku za misukosuko hufuatana, na za utulivu hufuatana, ndiyo modeli ya ARCH (ya kupima mtikisiko unaobadilika) ya mwanauchumi Robert Engle ya 1982 iliyompa Nobel 2003. Niulize wiki ijayo soko litatikisika kiasi gani, nina la kukwambia. Juu au chini, sina. Watu huchanganya hivi viwili kila siku, hata watu wa benki, na inaniudhi.

Halafu kuna soko letu la hisa la Nairobi. Hisa nyingi pale hupita siku bila kuuzwa, bei unayoiona leo huenda ni ya juzi, so beta, yaani kipimo cha jinsi hisa inavyofuata soko zima, inatoka ndogo kuliko ilivyo na faida ya jana inaonekana kama inatabiri ya leo, kumbe ni bei iliyochelewa. Marekebisho yapo, ya Scholes na Williams 1977 na ya Dimson 1979, lakini nina shaka kama yanatosha kwa soko ambalo kampuni moja tu imebeba sehemu kubwa hivyo ya thamani yote. Na bado nasoma tasnifu mtu kachukua CAPM, modeli inayosema faida ya hisa yategemea beta yake tu, nzima nzima, kapachika data ya Nairobi, kaandika "modeli imethibitishwa". Wapi? Hata kwa data ya Marekani Fama na mwenzake French walionyesha 1992 beta peke yake haitoshi.

Kijana, nenda kasome, somo ni zuri na lina kazi. Benki ikishika bondi ya serikali (mkopo kwa serikali) ya miaka 15 inayolipa asilimia 13 kwa mwaka, na riba sokoni ipande kutoka 13 hadi 14, bondi hiyo yapoteza karibu asilimia 6 ya thamani, na mtu wa kuihesabu hiyo na kuieleza kwa wakubwa anatafutwa, kwa benki na kwa mifuko ya pensheni. Kabla ya kuomba rudia matriksi, kalkulasi na nadharia ya uwezekano, hizo ndizo huangusha watu muhula wa kwanza, na ushike R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, mapema.