Dampo jangwani: ukame peke yake hautoshi

Kazi yangu ni kupitia ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira kabla hazijafika kwa wenye mamlaka ya kutoa kibali, na sehemu yangu hasa ni maji ya chini ya ardhi. Madampo ya kikanda, yaani yale yanayopokea taka za miji mingi kwa pamoja, hupendekezwa mara nyingi jangwani, na hoja ya waombaji karibu kila mara ni ile ile: mvua ni haba, maji yako mbali chini, na watu hawapo. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inajibu swali moja tu, la kile kitakachovuja kutoka damponi kwenda chini. Inaliacha swali la kile ambacho dampo litakiingiza katika mazingira ambayo viumbe wake wote wamezoea kuishi kwa uhaba.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Eagle Mountain, katika jangwa la kusini mwa California. Kampuni ya Kaiser Steel ilichimba chuma hapo kuanzia mwaka 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaacha mashimo makubwa, reli na mji mdogo wa wafanyakazi. Baadaye warithi wa mali hiyo walipendekeza mashimo yajazwe taka za Los Angeles na miji jirani, hadi tani 20,000 kwa siku, nyingi zikiletwa kwa treni, kwa muda unaozidi karne moja. Kwa kuwa mradi ulihitaji kubadilishana ardhi na BLM, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, ulilazimika kupita katika tathmini inayotakiwa na sheria ya mazingira ya NEPA, iliyoanza kutumika mwaka 1970. Pande tatu za eneo hilo zimezungukwa na Joshua Tree, ambayo ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1994.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo niliyosomea. Kanuni za Marekani za mwaka 1991 zinataka dampo jipya liwe na utando wa plastiki uliolazwa juu ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, wenye unene usiopungua sentimita 60, ambao maji, yakisukumwa na uzito wake pekee, hayawezi kuupenya kwa zaidi ya sentimita tatu hivi kwa mwaka. Juu ya utando huo, maji machafu ya taka hayaruhusiwi kufikia kina kinachozidi sentimita 30. Lazima yakusanywe na kuvutwa nje. Kanuni hizo hizo zinaukubali ukame kuwa hoja, ila kwa kiasi: dampo lisilozidi tani 20 kwa siku, mahali penye mvua isiyozidi milimita 635 kwa mwaka, linaweza kusamehewa utando na visima vya uchunguzi kwa masharti kadhaa. Dampo la tani 20,000 ni kubwa mara elfu moja kuliko hilo, na hapo ukame wa mahali hausemi mengi, kwa sababu taka huja na maji yake zenyewe. Ukichukulia kwamba moja ya tano tu ya uzito wa taka za majumbani ni maji, ambacho ni kiwango cha kawaida, basi mahali pasipopata mvua miezi kadhaa pataletewa tani 4,000 za maji kila siku. Maji ya kutulizia vumbi barabarani bado hatujayahesabu.

Kuna jambo la pili ambalo waandishi wengi wa ripoti hulipita haraka. Tumezoea kudhani kwamba uchafu hushuka pamoja na maji, kwa hiyo pasipo na maji hausogei. Karibu na Beatty, katika jimbo la Nevada, kuna eneo lililozikwa taka zenye mionzi hafifu kuanzia mwaka 1962 hadi 1992. Mvua hapo ni kama milimita 100 kwa mwaka, na maji ya chini ya ardhi yako takriban mita 100 chini. Hata hivyo watafiti wa USGS, idara ya jiolojia ya nchi hiyo, waliikuta tritiamu, aina ya hidrojeni yenye mionzi, katika tabaka kavu ikiwa imesambaa kuliko ambavyo mwendo wa maji ungeweza kueleza. Ilikuwa imesafiri kwa njia ya mvuke na gesi. Gesi za dampo la kawaida hupita katika matundu hayo hayo ya mchanga mkavu, zikibeba kemikali zinazovukizwa kwa urahisi. Ndiyo maana ripoti yenye kurasa nyingi za hesabu za maji, na aya mbili tu kuhusu gesi chini ya ardhi, huwa nairudisha kwa mwandishi.

Mafuriko nitayataja kwa ufupi. Wastani wa mvua wa mwaka hausaidii kusanifu mfereji, kwa sababu korongo kavu laweza kupitisha maji ya mwaka mzima kwa saa moja.

Penye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni penye viumbe, ingawa si fani yangu. Jangwa la Eagle Mountain lina naitrojeni kidogo sana, na mimea yake ya asili imeridhika na hali hiyo. Vumbi na hewa chafu vikiongeza naitrojeni, wanaonufaika kwanza ni nyasi vamizi, ambazo hukauka na kuwa njia ya moto kati ya vichaka ambavyo havikuzoea kuungua. Mabaki ya chakula nayo huwavuta kunguru wakubwa, na kunguru hao huwadonoa watoto wa kobe wa jangwani ambao gamba lao hubaki laini kwa miaka ya mwanzo. Kobe hao waliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1990. Kufukia taka kila jioni kwa udongo wa sentimita 15 hupunguza karamu hiyo bila kuiondoa, maana mchana kutwa taka huwa wazi.

Suala hilo la naitrojeni na virutubisho vingine kuongezeka ndilo mojawapo ya yaliyoiangusha tathmini ya Eagle Mountain. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, katika uamuzi wa mwaka 2009 uliorekebishwa 2010, iliona kwamba maelezo ya suala hilo katika ripoti yalikuwa yametawanyika chini ya vichwa vya habari visivyohusika, hata msomaji angelazimika kuyaokoteza mwenyewe. Uchambuzi kuhusu kondoo-mwitu, kwa upande mwingine, ulikubaliwa. Kosa lililokuwa kubwa zaidi liko katika kurasa za mwanzo, ambazo wengi huzifunua tu: lengo la mradi lilikuwa limeandikwa kwa kufuata mahitaji ya kampuni, kama vile kupata mapato ya muda mrefu kutokana na ada za taka, na lengo likishaandikwa hivyo hakuna njia mbadala inayoweza kulitimiza isipokuwa dampo lile lile mahali pale pale. Jaji mmoja alipinga vikali uamuzi huo, na kero yake kuhusu urefu wa mchakato naielewa. Bado naona wenzake walikuwa sahihi, kwa kuwa njia mbadala zisizoweza kushinda hazimsaidii mtoa uamuzi.

Mahakama ilikuta pia kwamba ardhi ya umma iliyobadilishwa ilikadiriwa thamani kana kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kuweka dampo hapo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa mwaka 2011, na mwaka 2013 mamlaka ya majitaka na taka ya Kaunti ya Los Angeles, iliyokusudia kulinunua eneo hilo, ikajiondoa.