Kuchomoka: Jens Voigt na hesabu ya upepo

Katika mbio za baiskeli za barabarani, kuchomoka ni kuliacha kundi kubwa, peke yako au na wenzako wachache, mkitumaini kwamba hamtakamatwa kabla ya mstari wa mwisho. Mara nyingi mnakamatwa. Mjerumani Jens Voigt, aliyestaafu mwaka 2014, alijipatia mashabiki kwa kujaribu tena na tena kazi hiyo ya hasara.

Adui ni upepo. Kwenye tambarare, mwendo ukiwa kilomita 45 kwa saa, nguvu nyingi za miguu zinaishia kusukuma hewa. Anayejibanza nyuma ya gurudumu la mwenzake anaokoa takriban theluthi ya nguvu hizo. Aliyezama katikati ya kundi anaokoa zaidi. Ndiyo maana waliochomoka hupokezana: unaongoza nusu dakika hivi, unasogea upande unakotoka upepo, unalegeza kidogo, unarudi mkiani. Kosa la kawaida ni kukurupuka zamu yako ikifika. Wa nyuma yako anaachwa mita 2 au 3, anajichosha kuziba pengo, na ikirudiwa mara kumi mnampoteza mtu mnayemhitaji.

Yupo anayeruhusiwa kukwepa zamu: yule ambaye nahodha wake yuko nyuma. Kwenye Giro d'Italia ya 2006, mbio kubwa za kuizunguka Italia, nahodha wa Voigt alikuwa Ivan Basso, kwa hiyo Voigt alimfuata tu Juan Manuel Gárate bila kumsaidia. Kule juu, kwenye mlima wa Passo San Pellegrino, hakugombea ushindi. Alimwachia Mhispania huyo, maana hakuutolea jasho.

Halafu kundi lenyewe lazima likubali. Wakiona huna hatari kwenye msimamo wa jumla, yaani jumla ya muda wa siku zote, wanakuachia kamba, na wakati mwingine wanaiachia mno. Julai 2006, kwenye Tour de France, watu watano walichomoka, na wawili wa mbele wakafika Montélimar wakiwa wameliacha kundi kwa dakika 29 na sekunde 57. Voigt alishinda hatua hiyo, yaani mbio za siku hiyo. Mwenzake Óscar Pereiro, aliyeianza siku akiwa nyuma karibu dakika 29, akavaa jezi ya njano ya anayeongoza msimamo wa jumla. Floyd Landis, aliyemaliza wa kwanza, alipovuliwa ubingwa kwa dawa za kuongeza nguvu, Tour nzima ikawa ya Pereiro.

Usemi wa Voigt uliochapwa hadi kwenye fulana ni “Miguu, nyamazeni!” Kwenye Tour ya 2010 alianguka akiteremka mlima wa Peyresourde, baiskeli yake ikavunjika, gari la timu limeshapita. Akapewa kibaiskeli cha njano cha watoto, pedali za kufungia mguu kwa mikanda, magoti yakimpanda kifuani, akaendelea nacho hadi alipopata ya saizi yake. Alimaliza Tour hiyo.

Septemba 18, 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 43, alizunguka peke yake saa nzima kwenye uwanja wa baiskeli wa Grenchen, Uswisi, bila mgongo wa mtu wa kujibanza nyuma yake: kilomita 51.110, rekodi ya dunia ya umbali wa saa moja. Ilidumu siku 42.