Ndege Wanasingiziwa: Kupe, Ndigana Kali na Josho Lililoachwa

Tangu mvua zianze, malalamiko yanayofika kwenye ofisi yetu ya mifugo ni ya aina mbili. La kwanza: "Daktari, ng'ombe ana hereni, amechanjwa, mbona kafa na ndigana?" Yaani ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. La pili ni la ndege. Inadaiwa yangeyange na askari wa kifaru ndio wanaobeba kupe kutoka hifadhini hadi mabomani, kwa hiyo vijana wanawapiga manati na baadhi ya watu wazima wanawawekea sumu.

La kwanza ni fupi. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa mkoani Simiyu Juni 2025, kwa upande wa ng'ombe, inahusu homa ya mapafu. Hereni ni utambulisho, si kinga. Chanjo ya ndigana kali ipo, chimbuko lake ni utafiti wa Muguga, Kenya, lakini hiyo ni nyingine. Hutunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ng'ombe huchomwa mara moja sambamba na antibayotiki ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini. Anayekuja na chupa ya chai akitaka afungiwe dozi akachome mwenyewe nyumbani, jibu ni hapana.

Sasa ndege. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, hakiishi kwenye ndege. Kinaishi kwa ng'ombe na kwa nyati, ambaye hukibeba bila kuonekana mgonjwa. Kupe wa masikio hunyonya damu mara tatu maishani, na kila akishiba hudondoka kwenye nyasi, akajibadilisha, akapanda mnyama mwingine. Akiokota kimelea utotoni, atakiingiza kwa mnyama anayefuata. Mayai yake hayarithi kimelea hicho. Ndege nao wana vimelea vyao vya damu, hata malaria yao wanayo, lakini haviwapati ng'ombe wako. Ni kweli kwamba kanga na kwale hubeba watoto wa kupe wanaoeneza maji moyo, ugonjwa mwingine wa mifugo, hilo hatulikatai. Ila askari wa kifaru anakula kupe! Hudonoa vidonda pia na kunywa damu, basi tibu kidonda. Yangeyange anafuata panzi wanaorushwa na kwato, hana habari na kupe wako.

Tukumbushe pia kwamba kuua ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Hata mabawa yakikutwa mfukoni ni nyara ya Serikali, na kueleza kwamba ulikuwa unalinda mifugo hakufuti shtaka.

Tatizo liko kwenye uogeshaji. Hivi karibuni tuliletewa ndama ambaye mgongo wake ulikuwa bado unang'aa dawa. Tulipogeuza sikio, ndani kabisa kupe walikuwa wamepangana kama ulezi. Mwenye ndama alikuwa amepulizia ng'ombe kumi na watano kwa pampu moja ya lita ishirini. Ng'ombe mkubwa anahitaji kama lita kumi peke yake, masikioni na chini ya mkia kwanza, mgongo baadaye.

Kwa wanaotumia josho, yaani birika la dawa la kuogeshea ng'ombe: manyoya hunasa dawa, hivyo dawa hupungua haraka kuliko maji. Kuongeza maji matupu kila yanaposhuka ni kuwaogesha ng'ombe tope. Jazieni kwa kipimo cha kujazia kilichoandikwa kwenye chupa, ambacho si kile cha kuanzia. Wanyweshwe maji kwanza ili wasinywe ya josho, na msiogeshe mvua ikinyesha. Fanyeni kila wiki, na jirani na nyati mara mbili, kwa sababu kupe akishajishika huhitaji siku tatu hivi au zaidi kabla vimelea havijakomaa na kuingia kwa ng'ombe. Anayeogesha mwisho wa mwezi tu anawapa kupe wiki tatu za bure.

Kuhusu kuhamisha mifugo, kibali hutolewa kabla ya safari, baada ya mkaguzi kuwaona ng'ombe wenyewe. Hatukagui kwa simu wala kwa picha. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya mwaka 2003 haitambui "nitakifuata nikirudi", na mizigo iliyokamatwa njiani hushushwa kwa gharama ya mwenye mali.

Tezi ya chini ya sikio ikivimba na mnyama akiwa na homa, njoo siku hiyo hiyo. Dawa ya buparvakwoni husaidia mapema. Povu likishatoka puani nafasi ni ndogo. Wanaoleta maji ya josho kupimwa wayachote kwenye chupa safi ng'ombe wakiwa wameshapita na kuyakoroga. Yakichotwa asubuhi josho likiwa limetulia, tutayamwaga.