Zamu ya usiku: mwili hauzoei kwa kuvumilia tu

Wauguzi wapya huambiwa kwamba wiki mbili tatu zikipita, mwili utazoea kukesha. Kwa wengi hauzoei kikamilifu. Saa ya mwili hupangwa hasa na mwanga, na jua la asubuhi unaporudi nyumbani huirudisha palepale ilipokuwa. Ndiyo maana usingizi wa mchana hukatika mapema hata ukiwa umechoka hoi. Miwani ya giza njiani na pazia zito chumbani husaidia kuliko ushujaa.

Kipindi kibaya ni kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili alfajiri, joto la mwili linaposhuka. Hapo ndipo nukta ya desimali hurukwa na 0.5 ikasomwa 5. Dozi na kasi ya dripu zihakikiwe na mwenzako, naye akokotoe upya mwenyewe; kutikisa kichwa tu si uhakiki.

Kahawa inywewe mwanzoni mwa zamu, kwani saa 5 hivi baadaye nusu ya kafeini bado imo mwilini. Ukijilaza wakati wa mapumziko, dakika 20 zinatosha. Ukizidisha, utaamka umepumbaa.