Mwezi ukipatwa, tunatazama hewa yetu wenyewe

Mwezi ukigeuka mwekundu wakati wa kupatwa, wengi hudhani kuna kilichobadilika huko mwezini. Hakuna. Mawe ni yale yale ya kijivu. Kilichobadilika ni mwanga unaoyafikia. Dunia imelikinga jua, na miale inayofika mwezini ni ile tu iliyopenya katika ukingo mwembamba wa angahewa letu, ikapindwa na kuingia ndani ya kivuli. Njiani rangi ya buluu hutawanywa na hewa, nyekundu ikapita. Mtu aliyesimama mwezini usiku huo angeiona Dunia nyeusi yenye pete nyekundu: macheo na machweo yote ya ulimwengu kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo linapozuka kosa ninalolisikia mara nyingi zaidi, kwamba mwezi mwekundu sana ni dalili ya hewa iliyochafuka sana. Mambo yako karibu kinyume. Hewa safi inatosha kabisa kuleta wekundu huo. Uchafu ukijaa katika stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu, mwezi hauzidi kuwa mwekundu, bali hufifia, na pengine hupotea machoni.

Mchafuzi mkuu wa huko juu ni volkano. Mlipuko mkubwa hurusha gesi ya salfa hadi stratosfia, ambako hugeuka matone madogo ya asidi. Mvua haifiki huko kuyaosha, kwa hiyo hukaa mwaka mmoja, miwili, yakiuzuia mwanga. Agung wa Indonesia ulilipuka mwaka 1963, na mwezi uliopatwa tarehe 30 Desemba mwaka huo huo ulikuwa mweusi ajabu. Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka Juni 1991; mwaka mmoja na nusu baadaye, Desemba 1992, mwezi ukapatwa na kufifia tena. Moshi wa viwanda na magari hauna nguvu hiyo, maana mwingi hubaki chini, kwenye mawingu na mvua.

Je, hukumu kama hiyo inahitaji mitambo ya gharama? Macho yanatosha. Mwaka 1921 mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alipendekeza kipimo cha 0 hadi 4: sifuri ni mwezi usioonekana kwa urahisi, nne ni rangi angavu ya shaba au chungwa. Tahadhari moja tu: mwezi uliopita katikati ya kivuli huwa mweusi kuliko uliopita pembeni, hata hewa ikiwa safi. Anayelinganisha miaka bila kuangalia hilo atailaumu volkano isiyo na hatia.

Wekundu nao si rangi pekee. Tazama kwa darubini ndogo pale ukingo wa kivuli unapopita: mara nyingi kuna utepe wa buluu. Huo ni kazi ya ozoni, gesi ya huko juu inayofyonza sehemu ya mwanga mwekundu na kuachia buluu. Kivuli chenyewe pia si cha mawe na bahari peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 18 mwanaastronomia Mfaransa Philippe de La Hire aligundua kwamba ni kikubwa kuliko hesabu za umbo la Dunia zinavyotaka. Ziada hiyo, kama asilimia 2, ni ya angahewa.

Wapo wanaosema setilaiti zimeifanya kazi hii ya kupima hewa kwa kutazama mwezi kuwa ya kizamani. Lakini tarehe 16 Agosti 2008 wanaastronomia waliuchambua mwanga wa mwezi uliopatwa wakakuta alama za oksijeni, ozoni, maji na methani, yaani hewa yetu jinsi mtu wa mbali angeiona Dunia ikipita mbele ya jua. Ndivyo zinavyochunguzwa sayari za nyota nyingine.

Na setilaiti haziwezi kurudi mwaka 1110. Mei mwaka huo, mwandishi wa kumbukumbu za Peterborough, Uingereza, aliandika kwamba mwezi ulizimika kabisa, lisionekane hata duara lake. Leo watafiti wanausoma ushahidi huo pamoja na salfa iliyoganda katika barafu ya Greenland, wakitafuta tarehe ya mlipuko uliotangulia. Mawingu hawayashuku, kwa sababu mwandishi aliongeza kuwa usiku ule anga lilikuwa jeupe na nyota zilimetameta kila upande.