Kichwa cha nyati hakianguki, hung'oka

Mwaka juzi niliitwa kwenye loji moja upande wa Karatu. Nilikuta kichwa cha nyati kilichohifadhiwa, pambo la ukutani, kimelala kifudifudi juu ya kochi, pembe moja imetoboa mto. Mwenye loji alikuwa anamshukuru Mungu kwamba ilitokea usiku, wageni wamelala. Mkononi alishika msumari wa inchi 6, mzima kabisa, haukupinda hata kidogo.

"Fundi, hebu ona unene wa huu msumari. Si ungebeba gunia la mahindi?"

Huenda ungebeba. Gunia lingeegemea ukuta na uzito wake ungeshuka moja kwa moja chini. Lakini ukitazama lile tundu, lipu ilikuwa imebanduka duara la ukubwa wa sahani, imepasuka kuja nje, kama fizi iliyong'olewa jino kwa koleo. Pale hakikushuka kitu. Kilivutwa.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu anauliza kichwa kina kilo ngapi, halafu anatafuta msumari wa kilo hizo. Nyati aliyehifadhiwa kuanzia mabegani amechomoza mbele ya ukuta, na pembe zake nzito ziko mbali na ubao wa mgongoni. Tuseme ana kilo 36, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 30 kutoka ukutani. Kutoka pale alipoangikwa hadi ncha ya chini ya ubao ni sentimita 60. Zidisha 36 kwa 30, gawanya kwa 60: skrubu ya juu inavutwa kuja sebuleni kwa nguvu ya kilo 18, mchana na usiku, mbali na ule uzito wa kushuka. Ubao ukiwa mfupi, sentimita 30 tu, mvuto unafika kilo 36. Nyati ni yuleyule. Ndiyo maana napenda ubao wa mgongoni uwe mrefu, na ncha yake ya chini igote ukuta sawasawa. Ikielea hata kidogo, kichwa kinainama, na skrubu ya juu inalipa.

Sasa ukuta wenyewe. Lipu haibebi kitu. Sentimita zile mbili za mwanzo zihesabu kama rangi tu. Fisha, ile plastiki inayokaa tunduni kushika skrubu, lazima ipite lipu yote na izame ndani ya tofali. Na matofali yetu ya saruji tunayajua: mengine yamefyatuliwa na mtu aliyevuta mfuko mmoja wa saruji mpaka ukaomba msamaha. Ukiona unga unaotoka kwenye drili ni mchanga mtupu, na biti inazama kama kwenye keki, acha mara moja. Kwenye tofali la hivyo nazima kigongo cha drili, natoboa kwa mzunguko tu, halafu natumia nondo yenye uzi iliyogandishwa kwa gundi ya kemikali. Bolti ya kupanuka ni nzuri kwenye zege, lakini kwenye tofali bovu, au kwenye mawe ya matumbawe na chokaa ya nyumba za zamani za pwani, kule kupanuka kwenyewe ndiko kunakopasua. Kama linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, iko kwenye kimo kinachofaa, toboa linta. Ukuta wa mbao, tafuta nguzo. Ukuta wa jipsamu, ama ufungue uweke mbao nyuma yake, ama umtafutie nyati ukuta mwingine. Wateja huninunia nikisema hivyo, lakini bodi ile ni unga uliofungwa kwa karatasi.

Tundu moja katikati silipendi kabisa. Kichwa kwenye skrubu moja huzunguka. Mfagizi akikigusa kwa ufagio wa buibui, kesho kimetazama dirishani. Ninachotumia ni mbao mbili ngumu zilizochanwa mshazari, digrii 45. Moja inafungwa ukutani kwa skrubu tatu au nne, ulimi wake ukitazama juu na nje. Ya pili inafungwa mgongoni mwa kichwa kwa kugeuzwa. Unakiinua, unakishusha, zinang'atana. Kadiri uzito unavyoshuka, ndivyo mshazari unavyokivuta kichwa kibane ukuta. Chini naongeza skrubu moja ya kukizuia kisirushwe juu na mtu anayepita na ngazi.

Kabla ya hayo, geuza kichwa ukague mgongo. Vichwa vya siku hizi vina umbo la povu gumu ndani, na povu halishiki skrubu. Ni ule ubao tu unaoshika. Waya wa picha kata utupe. Vichwa vya zamani ni habari nyingine: ndani kuna plasta, mbao, hata nyasi za mbao, na uzito unaweza kukushangaza. Wenzetu Kenya walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo kule nikiitwa mara nyingi nakutana na wazee wa namna hiyo. Nawapima kwa mizani ya bucha, sikisii. Na navaa glavu na barakoa, kwa sababu mafundi wa zamani walipaka ngozi sabuni ya aseniki ili wadudu wasiile, na sumu ile haichakai kwa miaka. Usikipige vumbi kichwa kama hicho kwa mkono mtupu, na usimwachie mtoto akibembeleze.

Kukibeba, shika ubao. Pembe za nyati, pofu na tandala ni ala inayovaa juu ya mfupa, na kwenye kichwa kilichohifadhiwa mara nyingi zimegandishwa tu. Nimeshawahi kubaki na pembe ya tandala mkononi. Sitasema ya nani.

Juu ya mahali pa moto, hapana, ingawa kila loji ya baridi inapataka hapohapo. Joto linakausha ngozi, mshono wa shingo unaachia. Juu ya kitanda, hapana kwa sababu unayoijua. Ukuta wa nje unaonyonya mvua pia hapana.

Ah, na karatasi. Neno nyara, yaani vitu kama kichwa hiki, hapa kwetu Tanzania linasikika zaidi mahakamani kuliko sebuleni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mchezo na mtu anayemiliki nyara bila kibali. Naomba kuona hati kabla sijafungua boksi la vifaa. Ukiniambia iko kwa shemeji, nitasubiri shemeji afike.

Yule nyati wa Karatu nilimrudisha, ukuta mwingine. Lakini sikumwangika siku hiyo. Nilifunga ubao wa ukutani, nikatengeneza mkono wa mbao unaochomoza sentimita 30, wenye mguu unaogota ukuta chini, nikautundika mahali pa kichwa. Kwenye ncha nikafunga mfuko wa saruji wa kilo 50. Nikachora mstari wa penseli pale ubao unapokutana na lipu, nikaenda kulala. Asubuhi mfuko ulikuwa palepale, na kati ya ubao na lipu hapakupenya hata ukucha. Ndipo nikamwita kijana anishikie ngazi.